Kompyuta ya Msimu wa Mahindi

Ugomvi wote ulianzishwa na raba ya kufutia penseli. Nilikuwa mpiga chapa katika duka moja la uchapaji mjini Tororo, mwaka wangu wa tisa kwenye kiti kile kile, na asubuhi hiyo kompyuta ya duka ilikataa kuwaka. Ilipiga mlio mrefu, ikanyamaza. Wateja walikuwa wamepanga foleni na bosi alikuwa amekwenda kunywa chai. Mlio ule niliujua. Nilifungua kifuniko, nikachomoa RAM, kile kipande chembamba ambacho kompyuta hushikia kazi iliyo mbele yake, nikasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba niliyoiona mezani, nikakirudisha. Kompyuta ikawaka, na foleni ikapiga makofi.

Bosi aliingia na kikombe chake akanikuta na bisibisi mkononi. Hakuuliza kama mashine inafanya kazi.

"Wewe kazi yako hapa ni vidole," alisema mbele ya watu wote. "Ndani ya mashine ni ya wanaume."

Kisha akaketi, akawaambia wateja waliokuwa wakiingia kwamba ameshaitengeneza. Hilo ndilo lililoniuma. Kufokewa nimezoea, nimekulia sokoni. Lakini kuibiwa kazi yangu nikiwa nimesimama hapo hapo, raba ingali mkononi, hapana. Niliweka funguo za duka mezani, raba nikabaki nayo. Alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Nenda tu. Kabla mahindi haijakauka, utakuwa umesharudi hapa."

Mahindi wakati huo yalikuwa yamefika magotini. Nilitoka nikizihesabu siku kwa urefu wa mabua, kila shamba nililopita njiani kuelekea kwetu Kirewa likinikumbusha maneno yake.

Niliapa kwamba nitaunda kompyuta yangu mwenyewe, kuanzia skrubu. Watu walinishauri ninunue iliyotumika, niwashiwe, nibebe, niende zangu. Nilikataa. Anayekuuzia kitu kilichofungwa anabaki na ufunguo wake. Kikiharibika unarudi kwake kama mtoto aliyepotelewa na kandambili. Miaka tisa nilikuwa nimesubiri wanaume wenye bisibisi. Ilinitosha.

Tatizo lilikuwa fedha, na fedha alikuwa nayo mama yangu. Mama anauza maharagwe katika soko la mpakani pale Busia tangu sijazaliwa. Alikuwa na mauzo ya msimu mzima, na kila mtu nyumbani alijua ni ya nini: mabati ya jikoni. Jiko letu ni la nyasi, mvua ikinyesha linavuja, isiponyesha linajaa moshi. Nilipomweleza mpango wangu alisikiliza huku akipepeta, akafungua pindo la kitenge.

"Chukua, nyara," alisema. Kwa lugha yetu ni binti yangu. "Moshi mimi nakula tangu zamani, na hajaniua. Lakini huyu mwanaume anakucheka, mimi siwezi kula."

Kwa hiyo nilikuwa nimebeba paa la mama yangu katika mkoba. Na kulikuwa na kazi moja tu ya kulirudisha. Jirani mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na familia yake ilikuwa ikiandaa lumbe, sherehe ya kumaliza msiba na kumwonyesha mrithi. Walitaka kijitabu chenye ukoo wote na picha zake za zamani zilizosafishwa. Walikuwa wanaijua kazi yangu tangu dukani. Walinipa muda hadi mavuno. Nikishindwa, kazi ingekwenda kwa bosi, na mimi ningeifuata nyuma.

Nilianza kuvuka mpaka. Maduka ya vipuri upande wa Kenya ni mengi kuliko kwetu, na bei zake husikiliza maneno. Nilikwenda na karatasi niliyoiandika kutokana na video nilizotazama kwenye simu. Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba wauzaji hawataki kukuuzia unachohitaji. Wanataka kukuuzia taa. Kijana mmoja mwenye duka karibu na stendi alinionyesha kasha la kioo lenye feni zinazowaka rangi saba.

"Siz, chukua hii. Bila taa hiyo si kompyuta, ni kabati."

"Mimi naandika matanga," nilimjibu. "Disko nitalipeleka wapi?"

Nilichukua kasha kuukuu lenye mikwaruzo, la ofisi fulani iliyohama. Kadi ya picha niliikataa kabisa, kwa sababu nilitafuta prosesa, ubongo wa kompyuta, iliyo na uwezo wa kuonyesha picha yenyewe bila kadi. Mimi sichezi michezo ya magari. Prosesa hiyo ilikuwa imetumika, na kuitumia hakuizeeshi sana. Bodi kuu, ile sahani kubwa ambayo kila kipande huchomekwa juu yake, niliizungusha mwangani kama mtu anayetafuta yai viza, nikaangalia kama kuna vijidude vyake vilivyovimba kichwa. Mbili nilizirudisha. Ya tatu ilikuwa safi na tundu lake liliikubali prosesa yangu. RAM nilinunua kipande kimoja kizuri badala ya viwili vibovu, nikaacha nafasi ya pili wazi kwa siku za neema. Diski ya kuhifadhia kazi nilichukua SSD ndogo, isiyozunguka, kwa sababu ile ya kizamani inayozunguka ingenizeesha nikisubiri. Wauzaji walinicheka, wakaniita fundi kwa kejeli. Niliwaacha waite. Jina likirudiwa sana huzoeleka.

Kikabaki kile wanachokiita pawa, kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawia kila kipande. Hapo niliogopa, maana umeme wa kwetu huja na kuondoka unavyotaka, na pawa mbovu ikifa inaweza kuua na wenzake. Siku hiyo mama alisema anakwenda nami.

"Mambo ya kompyuta mimi sijui. Lakini watu ya kuuza, hao najua."

Ni vizuri nieleze mama ni mtu wa namna gani. Maharagwe anayapima kwa kiganja kabla ya mizani, na mara chache mizani humpinga. Tena yeye na wenzake sokoni wana sheria ambayo haikuandikwa popote. Ukimuuzia mtu gunia lenye mawe katikati, hapigi kelele wala haendi polisi. Anarudi na gunia hilo hadi mahali unapouzia, analimwaga mbele yako, anaketi, anachambua. Jiwe moja moja, polepole, wateja wako wakitazama. Hakuna mtu anayeruhusiwa kumwondoa kabla hajamaliza. Nimewaona wanaume wakubwa wakiomba msamaha kabla ya jiwe la kumi.

Basi tulirudi kwa yule kijana wa taa. Alipanga pawa nne mezani. Mama alizipima moja moja kiganjani.

"Hii nyepesi, kama maharagwe iliyokuliwa na dudu. Hii pia. Chukua hii. Kitu ya maana iko na uzito."

Nami nilikubali, kwa sababu hata kwenye video walisema pawa nzuri huwa nzito, ina shaba na vyuma vya kupoza joto. Kwa hiyo kosa ni letu wawili, na langu ni kubwa zaidi. Mama yangu akikutana na gunia zito kupita kiasi hushuku mawe kabla ya kusalimia. Siku hiyo alisahau, kwa sababu alidhani katika vitu vya kisasa hakuna ujanja wa kishamba. Mimi nilisahau kwa sababu nilikuwa naona fahari kwamba mama na video wamesema neno moja.

Niliunganisha kila kitu katika chumba nilichokodi pale sentaa, kwenye maduka ya Kirewa. Iliwaka mara ya kwanza. Nilicheka peke yangu. Kwa siku mbili niliandika ukoo wa marehemu. Siku ya tatu mchana, nikiwa nafuta doa kwenye shavu lake katika picha ya harusi, pua yangu ilishika harufu ya plastiki inayoungua, kikatoka kishindo kidogo, skrini ikawa nyeusi.

Sitadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Niliketi sakafuni. Niliona jiko la nyasi, nikaona mvua ndani yake, nikamwona bosi akicheka na kikombe chake. Kule shambani mahindi yalikuwa yameshatoa ndevu.

Nilichomoa waya, nikasubiri hadi kesho yake, maana umeme hubaki umejificha ndani ya pawa hata ikizimwa. Kisha nikaifungua, mama akiwa pembeni. Ndani mlikuwa na bodi ndogo ya kuhuzunisha, shaba nyembamba kama uzi wa kushonea, na kando yake, limebandikwa kwa gundi na kupakwa rangi nyeusi, tofali dogo. Nililikwaruza kwa bisibisi. Saruji.

Saruji! Mimi mtu wa Tororo, ambako vumbi la saruji tunalila na ugali, nikavuka mpaka na hati mkononi kwenda kununua saruji kwa bei ya kompyuta. Mama alilichukua lile tofali, akalipima kiganjani. Akacheka hadi akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka ghafla.

"Gunia ile ya zamani iko wapi?"

Kesho yake tulivuka. Mimi nilikuwa nimepakata kasha zima, limefungwa kwa leso, kwa sababu sikujua kama pawa ilikuwa imekufa peke yake au imeiua na bodi. Yule kijana alituona, akatabasamu. Alipoiona pawa iliyofunguliwa tabasamu likaisha.

"Mathe, hiyo mkishafungua hairudishwi. Hata mimi niliuziwa hivyo hivyo, kwa katoni."

Nilimwamini. Nilimwambia pia kwamba hilo halinihusu. Gunia ulilouza ni lako.  Mama alitandika gunia mlangoni kwa kijana, akaweka pawa iliyo wazi, akaweka tofali mbele yake, kisha akatoa kwenye mfuko wake maharagwe ya kutosha kujaza bakuli, akayamwaga, akaketi, akaanza kuchambua.

Watu wakaanza kusimama. Wauza dagaa walikuwa wa kwanza, maana hao sheria wanaijua.

"Mama, unauza nini hapa?"

"Mimi siuzi. Nachambua."

"Unachambua nini?"

"Kompyuta." Akainua tofali. "Hii ilikuwa ndani."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika hadi stendi. Mteja aliyekuwa akiulizia bei ya kasha la taa alilirudisha mezani polepole, akalitikisa kwanza. Kijana alitoka nje.

"Mathe, si msonge mbele kidogo? Mnaniharibia kazi."

"Bado. Maharagwe iko mingi."

Mama hakufika mbali na maharagwe yale. Kijana aliingia ndani, akatoka na pawa nyingine, ya aina niliyokuwa nimeiona kwenye video na kuiogopa bei yake. Nilisema nitaifungua hapo hapo.

"Siz, ukivunja hiyo stika, hakuna kurudi."

"Nikikuta jiwe, sitarudi mimi. Watarudi hawa," nikawaonyesha wauza dagaa.

Aliniletea bisibisi mwenyewe. Nilifungua, nikaangalia, nikamwonyesha mama: shaba nene, vyuma vya kupoza, hakuna tofali. Nikaunganisha nyaya juu ya meza yake. Hapo ndipo hofu yenyewe ilipokuwa, kwa sababu kama bodi ilikuwa imekufa, hakukuwa na gunia la kumwaga kwa mtu yeyote. Nilibonyeza. Feni ikazunguka, nikafungua picha ya harusi, na skrini ya duka ikaleta uso wa marehemu, doa likiwa bado nusu shavuni, pale pale nilipokuwa nimeihifadhi. Nililia mbele ya watu wote, wala sioni haya kuandika hivyo. Mama aliokota maharagwe yake yote, hakuacha hata moja.

Kifuniko cha kompyuta yangu sikukirudisha tena. Mpaka leo upande mmoja uko wazi. Vumbi nalifuta kwa brashi na jioni nalifunika kasha kwa leso. Nataka kila anayeingia aone ndani hakuna jiwe.

Wazee wa familia walipokuja kuchukua vijitabu, nilivyochapisha kwa mashine ya kukodi, mama alikuwa kibarazani kwangu akipukuchua mahindi ya kwanza. Walifungua kurasa, wakamwona ndugu yao akiwa kijana mwenye shavu safi. Kisha mkubwa wao akachungulia nyuma yangu, kuelekea mlango wa uani.

"Fundi yako yuko wapi, tumshukuru?"

"Unaongea na yeye," mama alisema bila kuinua macho.

Malipo yao yaliezeka upande mmoja wa jiko. Upande wa pili utasubiri. Mama anasema moshi nao unahitaji njia.

Jumatatu iliyofuata nilipanda gari hadi Tororo. Bosi alikuwa mezani na chai yake, na mwanamke mgeni alikuwa kwenye kiti changu. Sikusalimia. Niliweka kijitabu kimoja mezani, mahali nilipoacha funguo, na juu yake nikaweka hindi moja nililolichagua mwenyewe shambani kwetu. Kwa dole gumba nilisukuma punje moja ikaanguka kwenye meza ya mbao, ikalia kama inavyolia punje iliyokauka vizuri. Yule mwanamke alikuwa akitazama. Nilitoa mfukoni raba, nikampa yeye.