Askari wa Jael

Miaka ile ya sabini miwa ilipopamba moto, sisi watu wa Ekero tulipagawa. Tulipanda hadi mlangoni; ukitaka kumsalimu jirani, unapasua miwa kwanza. Jael Khalayi pekee ndiye aliyebaki na mahindi katikati ya shamba, na wanawe walikula kutoka hapo.

Marehemu mumewe Lazarus, fundi wa kiwandani, alimwachia ubao wa sataranji na mchezo wenyewe. Jumapili baada ya kanisa, Jael alicheza na shemeji yake Phineas, mdogo wa marehemu, mtu wa domo na tamaa, ingawa roho yake si mbaya.

Jael alifungua kwa namna moja tu. Askari wa mbele ya malkia hatua mbili, kisha yule wa kando yake anatolewa bure, aliwe. Anayemla huondoa askari wake katikati, na anayeshika katikati ndiye anayetawala ubao. Hata hivyo angepona, kama angekubali kumrudisha mapema. Phineas? Thubutu! "Nimekura!" alipiga kelele, maana l na r kwetu ni ndugu. Kisha anang'ang'ania askari huyo mmoja, farasi na maaskofu wake wamelala nyumbani, mpaka mfalme anabanwa.

Jumapili moja alikuja na habari ya trakta.

"Kesho tunalima hiyo ya mahindi, shemeji. Shamba ni ya ndugu yangu."

Ukoo ulikuwa upande wake. Nilikuwa hapo nikitazama mchezo; nilichemka, lakini mimi jirani tu ningesema nini?

Jael akasukuma askari wake. "Chukua kipande cha barabarani, shemeji, lori linafika. Cha katikati niachie."

"Nimekura!" Phineas akacheka, akampa mkono wa makubaliano mbele yangu.

Akapanda miwa kote, kwake na pale barabarani. Ikakomaa, zamu ya kiwanda kuikata ikachelewa, ikachelewa tena, na miwa haisongwi ugali. Msimu wa njaa watoto wake walianza kushinda kwa Jael. Mwishowe akaja mwenyewe, amekonda, macho chini. Nilimhurumia kweli, mjinga yule.

Jael alipanga ubao, akamtoa askari yule yule. Phineas akamtazama askari huyo sana.

"Leo sikuri, shemeji."

"Huyo mwache," Jael alisema, akimsogezea obusuma, ugali wetu wa moto, na mboga. "Hii ndiyo ule."

Alikula polepole, akamaliza, akanawa mikono.

"Mahindi ya shamba yako iko tamu, shemeji," akasema.