Sindano ya Wapanda Mlima

Ngubu, ngubu. Mafuta ya mawese yakicheza ndani ya bidoni, yale madumu ya njano, baiskeli ikisukumwa kupanda njia ya Bugarama: sauti hiyo ninayo bado masikioni. Yaya, kaka yangu mkubwa, alikuwa anabeba bidoni mbili, na wenzake vilevile. Walikuwa na desturi yao: mwenye nguvu akifika juu anaegesha, anarudi chini kumsukuma aliyekwama kwenye kona kali.

Halafu tajiri wa mafuta akaleta sindano. Ya kuongeza damu, akasema, inatengenezwa kwa chembe hai huko viwandani, na wakimbiaji wa Ulaya wanaijua. Mimi na ndoto zangu, nilifurahi kweli! Nikawaza mama zetu nao wachomwe, wapande na maji bila kuhema. Muuguzi jirani yetu akanikatiza: "Hiyo ni ya wagonjwa wa figo. Ukiwa mzima, damu inakuwa nzito kama mawese ya asubuhi ya baridi. Moyo unaweza kusimama."

Waliochomwa wakaanza kubeba bidoni nne. Wakifika juu hawarudi tena, wanawahi safari ya pili. Tajiri akatangaza: kuanzia Jumatatu, asiyeweza nne abaki kwao.

Wiki hiyo sikutulia. Nilichagua mchele, nikauchagua tena uleule.

"Yaya, usichomwe."

"We mutoto, unataka nile ndoto zako?"

"Kula. Iko mingi!"

Akacheka. "Wenzangu wamekuwa moteri. Mimi niko mutu tu."

"Baki mutu."

Jumatatu akapakia nne, bila sindano. Nikamfuata kwa miguu. Kwenye kona akakwama, kandambili zikiteleza, na wenzake wakampita: "Sogea, babu! Lete mkongojo!" Nikaweka bega nyuma ya bidoni. Tulisukuma, tukasimama, tukasukuma, mpaka juu. Jasho lilimtoka kama amezama ziwani.

"Murakoze, asante," akasema. "Na kesho?"

Akaendelea na safari yake.

Nikateremka mpaka kwenye kona. Mtaroni kulikuwa na jiwe kubwa. Nikaliviringisha kwa mikono miwili hadi ukingo wa barabara, pale gurudumu la nyuma linapoweza kuegemea mtu akivuta pumzi. Nikalikanyaga kulijaribu. Likakaa.