Albamu Yetu na Spika za Matanga

Leo watu wamejaa kwa uzinduzi wa albamu yetu ya kwanza, na sitaki kuimba tena.

Msicheke bado.

Sisi ni bendi ya watu watatu. Tunapiga pop ya "new wave", ile ya vinanda vya umeme na ngoma za kompyuta. Hapa Mosocho ni sisi peke yetu. Albamu yote tumerekodia kwa stoo ya mahindi.

Spika tumekodisha kwa jamaa mmoja anayepiga muziki kwa matanga. Nani mwingine ako nazo?

Akafika uwanjani, akaunganisha nyaya, na kama kawaida yake akazijaribu kwa nyimbo za msiba. Mimi nilikuwa nyuma navaa koti yangu ya kung'aa. Sikujali.

Kutoka hivi, uwanja umejaa! Wamama na leso zao, wazee, hata wenye maduka wamefunga. Moraa wetu wa kinanda alilia kwa furaha.

Tukapiga nyimbo mbili. Hakuna hata kichwa kilichotikisika.

Mama mmoja akaja mbele, akaniuliza kwa upole, "Mtoto wangu, mwili unafika saa ngapi?"

Nikamwambia hakuna mwili, mama. Ni albamu.

Wakaondoka polepole, bila hasira. Heri wangenizomea.

Niambieni ukweli, marafiki: nyinyi mngekuja?

Nyimbo zilizobaki tumeimbia nyasi.

Yule mama ndiye alikuwa ameondoka wa mwisho. Alinishika mkono, akasema, "Pole sana."

Nikamjibu kama mfiwa kabisa: "Asante kwa kuja, mama."