Fundi wa Povu na Ufa Uliobaki

Miaka ile maduka ya Kilosa yalipoanza kujaa bidhaa za ng'ambo, fundi mmoja alikuja kuziba nyufa za nyumba zetu kuukuu za reli. Alipitisha moshi wa ubani ukutani polepole, na pale moshi ulipoyumba kwa upepo wa ufa alipulizia povu la kuzibia kutoka kwenye kopo, likavimba kama andazi ndani ya mafuta. Povu lililokauka vidoleni alilibandua kwa ukucha huku akizungumza. Kila alipokwangua ufa, aliiambia nyumba, "Pole."

Kwa Bibi Agatha, aliyeishi peke yake na kukohoa kwa vumbi, ulisalia ufa mmoja tu, katika ukuta uliopakana na jirani. Fundi aliinua kopo.

"Agatha! Umeamka?" sauti ikatoka ufani.

"Nimeamka, Seleina!"

Fundi akasita. "Vumbi linapita hapa, bibi."

"Najua, baba. Lakini siku nisipoitika, yeye ndiye atakayekuja."

Akalishusha kopo, akakunja kitambaa chake cha jasho kikawa kizibo cha kuchomoa wakati wa kuitana, akampa Bibi Agatha. Kisha akainamia ufa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usituzibe."

"Sizibi, bibi."