Swichi Nyekundu Nyuma ya Kompyuta

Methodi, mfungashaji katoni katika kiwanda kimoja huko Tonawanda, jirani na Buffalo, Marekani, si mtu wa kutulia, na Jumamosi hiyo ndiyo alishindwa kabisa. Mama yake, aliyebaki kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, alikuwa amepata kibali cha kwenda Kasulu mjini, na asubuhi hiyo angeketi mbele ya kamera waonane kwa mara ya kwanza tangu waagane. Upepo wa ziwa ulikuwa umekata umeme. Sasa umeme umerudi mtaa mzima, ila kompyuta ya mezani haiwaki.

Alibonyeza kitufe cha kuwashia, akaizunguka meza, akabonyeza tena.

“Baba Jovini, hiyo si kengele ya mlango,” mkewe Zita alisema. “Umegusa nini huko nyuma?”

“Kuna swichi nyekundu, imeandikwa 115. Nikadhani umeme ulipokatika imeshuka. Nikaipandisha 230, kama kwetu.”

“Kwetu wapi? Umeme wa Buffalo ndio huo, volti 115. Sasa kompyuta inangoja sahani mbili, na hapa inapewa moja.”

Methodi alicheka kwa shida. Alichomoa waya ukutani, akairudisha swichi, kisha, kama Zita alivyomwelekeza, akashikilia kile kitufe ili umeme uliosalia ndani uishe. Kule kungoja tu kulimtoa jasho. Alipochomeka tena na kubonyeza, feni ya kompyuta ilivuma.

Baadaye mama alitokea kwenye skrini, akamtazama anavyorandaranda chumbani.

“Keti basi, mwanangu,” alisema. “Nimekuja kukuona uso, si mgongo.”