Jinsi Papa Alivyojifunza Kusimama Vibaya

Papa, baba yetu, hakujua kusimama kama watu wengine. Wanaume wa kijijini kwetu Kirolirwe husimama wakiegemea kitu: jembe, mlango, fimbo ya ng'ombe, au wao kwa wao pombe ikishakolea. Papa hakuegemea. Alisimama wima, visigino pamoja, mikono imenyooka kando ya suruali, hata akiwa anangoja maharage yaive. Alikuwa ameacha jeshi tangu nikiwa mdogo, ila mwili wake haukupata habari.

Aliacha kwa ajili yetu. Kila alipokuja likizo tulimkimbia, tukajificha nyuma ya Mama na kuuliza yule askari ataondoka lini. Mama anasema mara ya mwisho Papa aliketi kitandani akalia, kisha akakunja sare yake akaenda kuizika. Akawa mkulima. Alitulimia maharage na viazi, akatunyoa nywele, na jioni akatupanga mstari mbele ya mlango kutukagua miguu. Mwenye matope kisiginoni alirudishwa kwenye beseni, na Papa mwenyewe ndiye aliyemsugua. Majirani walimtania kwamba yeye ndiye aliyeolewa. Hakujali. Mimi nilimpenda mno, na tangu vita vianze mapenzi yangu kwake yaligeuka woga mtupu.

Maana vita vilipofika kwenye milima yetu, waliokuwa wanashinda waliwasaka askari wa jeshi la zamani. Hawakuuliza uliacha lini wala kwa nini. Walimvua mtu shati wakatafuta begani alama ya mkanda wa bunduki. Papa alikuwa nayo, kovu jeusi lililong'aa, na mimi nilipokuwa mdogo nilipenda kuliwekea kidole. Sasa nilipomwona akioga nje, nilimkimbilia na shati.

Habari mbaya zaidi ililetwa na mwenye duka letu, mtu wa Butembo, ambaye gari lake lilikuwa limerudi kutoka upande wa Walikale, kupitia kizuizi cha wapiganaji.

"Papa, kule ku bariere bako na mchezo," alisema, akiwa bado mlangoni. "Banakuacha upite. Ukishapita, muntu anapiga kelele nyuma yako, 'Gardavu!' Mwenye anasimama kama mulingoti, njo huyo banachukua."

Papa alicheka. Mama hakucheka. Alingoja Papa ainame kuchukua jembe, kisha akakaza sauti kama ya mwanaume, akatoa ile amri ya jeshini ya kusimama wima: "Gardavu!"

Jembe lilianguka. Visigino vya Papa viligongana, kidevu kikapanda, mikono ikashuka kwenye mishono ya suruali. Alisimama hivyo akitutazama. Mwenye duka alivua kofia yake, akaivaa tena, akaenda zake.

Tangu hapo nyumba yetu ikawa shule ya ajabu. Mama alimvizia Papa akila, akifunga mbuzi, akitoka chooni. Mwanzoni sisi watoto tuliangua kicheko kila mara. Baadaye tukanyamaza, kwa kuwa kila mara visigino viligongana. Alikuwa akijua kabisa kwamba amri itakuja, hata akijiandaa, na bado haikusaidia.

"Haiko mimi," alimwambia Mama. "Njo miguu."

Alisema hivyo akitazama chini. Ndipo nilipoona kwamba Papa naye anaogopa, na hilo lilinimaliza. Mimi ni mwoga, nimezaliwa hivyo wala sioni aibu, lakini hadi siku ile nilidhani nyumbani kwetu woga ni kazi yangu peke yangu.

Milio ya bunduki ikasogea. Nyumba za bondeni zilipochomwa, Mama alisema twende kwa dada yake aliyeishi Mpofi, upande ule wa Walikale. Kupita msituni hakukuwezekana. Mwanaume aliyekutwa huko hakuulizwa swali. Ilibidi tupite barabarani, kwenye kizuizi chenyewe.

Asubuhi ya kuondoka, Mama alimfungua kitinda mimba wetu mgongoni mwake. Alikuwa mtoto mnene wa kunyonya, mkali kama pilipili.

"Inama," alimwambia Papa.

"Mama, mwanaume habebake mutoto vile. Batanicheka."

"Njo maana. Bacheke."

Akamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, akakikaza juu ya lile bega. Alama ikafunikwa. Mgongo wa Papa ukapinda. Mama akaichukua mikono yake, mmoja mmoja, akaizungusha nyuma na kuishikisha miguu ya mtoto.

"Usiiachilie. Ukiiachilia, mutoto anaanguka. Na Kilingala chako cha kambini ukiache hapa, bakikisikia batajua ulikuwa askari."

Njiani wanawake walituonyeshea vidole. Mmoja alimwuliza Papa kama ananyonyesha pia. Papa alitabasamu kwa shida, jasho likimtoka, na mimi nilitembea karibu naye nikitazama visigino vyake. Sikuyaona mashamba wala ng'ombe wala mvua iliyokuwa ikijikusanya. Niliona visigino tu.

Kizuizi kilikuwa mti wa mwanzi uliolazwa juu ya mawe. Vijana wenye bunduki walikaa pembeni wakila mahindi ya kuchoma. Nyuma yetu kwenye foleni alikuwapo mwanaume aliyebeba bidoni ya mafuta ya mawese, akijiimbia polepole. Alikuwa amemchekea mtoto wetu na kumpapasa shavu.

"Weye, papa!" mmoja wa vijana alisema. "Bibi yako njo mwanaume mu nyumba?"

"Mama yake iko mugonjwa, chef," Papa alijibu. Mama akakohoa. Wakacheka hadi punje za mahindi zikawatoka mdomoni. Wakainua mwanzi, tukapita, na yule wa mafuta akapita nyuma yetu.

Nilijua itakuja. Nilitembea nikiingoja, na bado ilipokuja ilinipasua.

"Gardavu!"

Nikasikia visigino vikigongana. Vilikuwa karibu sana nami. Mkojo ukanitoka, ukashuka hadi kwenye nyayo, na nilifunga macho ili nisione Papa akichukuliwa. Hapo hapo mtoto akapiga yowe kali, yowe la kuumizwa.

Nilipofumbua macho, Papa alikuwa ameinama kuliko mwanzo. Alikuwa akiyumba huku na huku, akimbembeleza mtoto kwa wimbo wa Mama wa kulalia, ambao hajawahi kuuimba vizuri. Yule mwanaume wa nyuma ndiye aliyekuwa amesimama wima, kidevu juu, mikono kwenye mishono. Bidoni ilikuwa miguuni pake, na mafuta mekundu yalikuwa yakitiririka barabarani kutufuata.

"Tembeeni," Mama alisema bila kufungua meno.

Tulitembea. Hatukugeuka. Kwenye kona tulisikia mlio wa bunduki, na Papa akaendelea kuimba, sauti ikimkatika.

Tulipofika kijitoni, mbali na macho ya watu, Mama alimfungua mtoto. Kwenye vifundo vyake vya miguu vidole vya Papa vilikuwa vimechorwa vyote, vyekundu. Amri ilipoita, mikono yake ilitaka kwenda kwenye suruali, ikakuta miguu ya mwanawe, ikaminya. Papa alikaa ndani ya maji na nguo zake. Aliosha ile miguu midogo, akaibusu, akaiomba msamaha, kisha akaiosha tena.

"Yule muntu," alisema baadaye, "hakukuwa na muntu wa kumupatia mutoto."

Tangu siku hiyo mafuta ya mawese hayakupita kinywani mwake, na hakuna jirani mpya wa Mpofi aliyemwona amesimama wima. Alijifunza kuegemea. Vita vilikuja, vikaenda, vikarudi na majina mengine, naye alizeeka akiwa ameegemea mlango wetu, bega moja chini, mjukuu mgongoni. Watu walidhani ana ugonjwa wa uti wa mgongo.

Alifariki kitandani mwake, jambo ambalo sikuthubutu kamwe kuliomba. Siku ya mazishi alikuja mzee mmoja aliyewahi kutumikia naye, kavaa bereti iliyoliwa na nondo. Kabla jeneza halijashushwa alisogea ukingoni mwa kaburi, akavuta pumzi, akaita kwa heshima zake zote:

"Gardavu!"

Mimi ni mtu mzima, nina watoto wangu. Nilimkamata mkono mdogo wangu, yule yule mnene wa kwenye kitenge, nikalikodolea macho jeneza, nikimwomba Papa asitikisike.

Mama aliuona uso wangu. Akaja taratibu, akainama, akaweka kiganja juu ya mbao.

"Sasa unaweza, papa ya batoto," alimwambia. "Simama muzuri."