Kipande cha Magadi Mfukoni

Mke wangu hupekua mifuko ya koti langu la kanisani kabla ya kulifua. Jumatatu moja alitoa kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua mezani, karibu na sahani yangu. Ndani mlikuwa na kipande cha magadi, kimelambwa upande mmoja hadi kikawa laini kama sabuni iliyotumika.

"Tangu lini?" akauliza.

Nilijua anachokikumbuka. Tulipomzika kaka yangu huko magharibi tulikozaliwa, yeye ndiye aliyekunja nguo za marehemu, na katika koti alikuta kitambaa kama hicho na magadi kama hayo. Kila kifua kilipomchoma, kaka yangu alilamba, akatuambia tusijali. Alipokubali kupelekwa hospitali, hata uji haukuwa ukipita. Saratani ilikuwa imeziba njia ya chakula.

"Ni kiungulia tu," nikamjibu mke wangu. Ndivyo kaka yangu alivyokuwa akisema, kwa maneno hayo hayo. Akakifunga tena kitambaa, akasema kesho tunakwenda kliniki.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Eldoret. Nimefundishwa, nami nimewafundisha wengine, kupokea maumivu kwa shukrani. Kila Jumapili baada ya ibada huwa tunazuru waumini kule Yamumbi, nyumba tatu au nne, na kila nyumba ina chai ya maziwa iliyotoka jikoni sasa hivi. Mzee akiacha kikombe, mama mwenye nyumba atajiuliza wiki nzima amemkosea nini. Nilivimaliza vyote. Kifua kilipowaka nilitoka nje kama anayekwenda msalani, nikalamba, nikarudi kuomba. Hiyo niliiita subira.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yetu.

"Mzee, chai yako huwa moto kiasi gani?"

"Kiasi cha chai."

"Daktari," mke wangu akaingilia, "ni ile ya kunyonyolea kuku."

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka nilipomweleza habari za kaka yangu. Aliagiza chai ipoe na vikombe vipungue. Vyakula vya kukaanga na pilipili nivipe likizo. Chakula cha usiku kihamie saa kumi na mbili jioni, kiwe kidogo, na nisilale kabla hakijashuka. Miguu ya kitanda upande wa kichwa iwekewe matofali. Akaniandikia tarehe ya kupitisha kamera kooni, mwezi uliofuata.

"Na magadi uache. Yanakunyamazisha wewe, ugonjwa hayaugusi. Na chakula kikikwama, hata mara moja, usingoje tarehe. Uje siku hiyo hiyo."

Tukatii. Jumapili iliyofuata, Yamumbi, niliomba maji ya uvuguvugu.

"Maji, Mzee?" mama mwenye nyumba akashangaa, birika mkononi. "Kwani umehamia kanisa gani?"

Nyumba nzima ilicheka, nami nikacheka. Nikamwambia ukweli kuhusu kifua changu. Aliweka birika chini, akaniambia mumewe pia hulamba magadi.

Wiki ya tatu nilimaliza siku mbili nzima bila kuchomwa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mezani. Mke wangu alisema amina, lakini macho yake hayakutoka shingoni mwangu. Kila nilipomeza, alitazama.

Alhamisi mchana tulikuwa na ugali na sukuma wiki. Tonge la tatu lilishuka hadi katikati ya kifua, likasimama. Halikuniuma. Lilikaa tu pale, kimya, na nilipomeza mate, mate nayo yakasimama juu yake. Nilikunywa maji. Baada ya muda ambao siwezi kuupima, likapita.

Mke wangu alikuwa amenipa mgongo, akikoroga sufuria. Hakuona chochote. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni wenyewe, ukipapasa kitambaa ambacho hakikuwepo. Ningeweza kuendelea kula. Ningeweza kusema kesho, au kungoja tarehe, na hakuna ambaye angejua. Nilimfikiria kaka yangu mezani kwake, akifanya hivyo hivyo, mara ngapi sijui.

"Mama," nikasema. "Chakula kimekwama."

Alizima jiko bila kugeuka. Akafunika sufuria, akachukua kadi yangu ya kliniki juu ya kabati, kisha akaniletea koti. Nililivaa, mifuko ikiwa mitupu, tukatoka.